Vyombo Vilivyolala Ziwani: Hesabu Ambayo Haijafungwa

Kijitabu hiki kila mwaka hubeba habari za madawati, matundu ya vyoo na vitanda vya wajawazito, na ndivyo inavyotakiwa. Mwaka huu Kamati imenipa kurasa chache nieleze kwa nini katika makisio mliyonayo mkononi kuna fungu jipya lililoandikwa "Kumbukumbu za Ziwa". Wapo wanachama waliouliza, na wana haki ya kuuliza, meli zilizozama zina faida gani kwa mtoto anayekaa sakafuni darasani. Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni uhasibu hapa Dar es Salaam, na habari hizi nimezisoma na kuziulizia jioni na siku za Jumamosi kwa miaka kadhaa. Nitalieleza jambo kwa njia ninayoijua: nini kiliingia majini, nini kilitoka, na nini hakimo katika daftari la mtu yeyote.

Nianze na Ujiji, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea kudhani kwamba kilichozama lazima kiwe majini. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta biashara imeshamiri na vyombo vikivuka kwenda na kurudi ng'ambo. Speke alivuka ziwa kwenda kukodi jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu akarudi mikono mitupu, na msafara wao ukalazimika kwenda kaskazini kwa mitumbwi. Vyombo vile vilibeba pembe za ndovu, chumvi, nguo, na vilibeba watu. Wengi wa babu zetu Wamanyema walivuka ziwa namna hiyo, wengine kwa hiari yao, wengine wakiwa wamefungwa minyororo. Upepo wa kusi haukubagua chombo cha biashara halali na cha biashara haramu.

Sasa, ziwa lenyewe halikukaa mahali pamoja. Mto Lukuga, upande wa Congo, ndio mlango pekee ambao maji ya Tanganyika hutokea. Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na mimea, maji yakapanda mwaka hadi mwaka. Mnamo 1878 yalivunja kizuizi, na katika miaka kama kumi na tano iliyofuata ziwa likashuka takriban mita kumi. Ndiyo maana mgeni anayepelekwa kwenye mnara wa Livingstone na Stanley pale Ujiji, waliokutana 1871, huuliza maji yako wapi. Hesabu yake ni rahisi. Jahazi lililozama kwenye kina kifupi mbele ya Ujiji miaka ya 1860 huenda leo liko chini ya shamba la mihogo au msingi wa nyumba ya mtu. Anayechimba choo au kisima maeneo yale akikuta ubao mzito wenye misumari, asiutie jikoni kabla ya kuuliza. Na miaka ya karibuni maji yalipopanda tena na kuingia hadi Kibirizi, tulijionea wenyewe kwamba ziwa huja kudai mpaka wake wa zamani.

Baada ya majahazi zikaja meli za moshi. Baharia Edward Hore wa Chama cha Misheni cha London alifika Ujiji 1878, na mwaka 1885 meli yao ndogo, Good News, ikaingizwa majini upande wa kusini wa ziwa. Vipande vyake vilitoka Uingereza na kufika ziwani kwa kupitia Ziwa Nyasa na kisha mabegani mwa wapagazi. Wajerumani nao wakaleta yao, Hedwig von Wissmann, iliyoanza kuelea 1900. Vita ilipoanza, Good News ilikuwa imechakaa, lakini Wajerumani hawakutaka kubahatisha: mwishoni mwa 1914 waliiharibu pamoja na meli nyingine ya Waingereza, Cecil Rhodes, huko huko kusini.

Tumezoea kuitwa watu wa mwisho wa reli, na wengine wetu tunalisema kwa kujitania. Lakini reli ile ndiyo iliyotuletea vita ya majini. Ilifika Kigoma tarehe 1 Februari 1914. Miezi sita baadaye Ulaya ikawaka moto, na ghafla mji wetu ukawa bandari ya vita yenye njia ya moja kwa moja kutoka Bahari ya Hindi. Tarehe 22 Agosti 1914 Hedwig ilivuka na kuishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, mdomoni mwa Lukuga. Kwa reli hiyo hiyo zikaletwa kutoka pwani boti mbili ndogo za Wajerumani, Kingani na Wami. Kwa mwaka mzima na zaidi ziwa lote, kilometa zaidi ya 650 kutoka kaskazini hadi kusini, lilikuwa mikononi mwa aliyeshika Kigoma.

Jibu la Waingereza lilikuwa la ajabu kiasi kwamba ukilisimulia mtu hudhani unatunga. Walichukua boti mbili za mbao zenye injini, wakazipakia melini hadi Cape Town, kisha kwenye treni hadi Fungurume huko Katanga, halafu wakazivuta juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya moshi, ng'ombe na nguvu za watu, kisha reli tena, kisha mto Lualaba, na reli ya mwisho mpaka ziwani. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa ametaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake London walikataa, ndipo akazipa majina ya Kifaransa, Mimi na Toutou. Ulaya watu wanamkumbuka kwa vituko vyake, hasa kwa kuvaa sketi. Mimi huwa najiuliza zaidi kuhusu waliokata miti, waliotandika madaraja na waliobeba maji ya kunyweshea matrekta yale mlimani wakati wa kiangazi. Boti hazikupanda mlima zenyewe.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliishambulia Kingani mbele ya Lukuga. Mapigano yalichukua dakika chache tu, nahodha wake akauawa, na Kingani ikakokotwa hadi ufukweni ambako ilizama kwenye kina kifupi. Wakaiibua, wakaiziba, wakaipa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi zikaifukuza Hedwig von Wissmann na kuizamisha. Hiyo haikuibuliwa. Wami nayo iliangamizwa na mabaharia wake wenyewe mwaka huo huo.

Hapa mhasibu lazima asimame kidogo. Kingani imekuwa Fifi. Alexandre Delcommune, baada ya kutengenezwa, iliitwa Vengeur. Na ile kubwa kuliko zote, ambayo nitaifikia sasa hivi, nayo ilibadilishwa jina. Ziwa letu lina tabia hiyo: chombo kinapigwa au kinazama kikiwa na jina moja, kinarudi kazini na jingine, kwa sababu bendera imebadilika. Asiyelijua hili atahesabu vyombo sita mahali palipokuwa na vitatu. Nimekutana na orodha za namna hiyo, na si moja.

Meli ile kubwa kila mmoja wetu anaijua. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, 1913, ikafunguliwa vipande na kufungwa katika masanduku kama 5,000. Masanduku yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma. Mafundi watatu Wajerumani, Anton Rüter na wenzake wawili, wakasimamia kuiunga upya ufukweni, na tarehe 5 Februari 1915 ikaingia majini. Waliiita Graf von Götzen, kwa jina la gavana aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipoanza na watu wa kusini walipoangamizwa kwa risasi na kwa njaa. Jina hilo liliandikwa ubavuni mwa meli iliyoungwa kwa mikono ya watu weusi, hata miaka kumi ilikuwa haijatimia tangu mambo yale. Mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa Julai 1915 katika mdomo wa Rufiji. Yaani chuma kilichotolewa kwenye chombo kilichozama Rufiji kilipanda treni kikaja Kigoma. Mabaki ya vyombo yameanza zamani kusafiri katika nchi hii.

Kuanzia Juni 1916 ndege za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma kwa mabomu. Kufikia hapo mzinga ule ulikuwa umeondolewa kupelekwa vitani nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa mbao ili adui aogope kwa mbali. Wajerumani walipoona mji unaponyoka, tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha meli yao kwa makusudi, si mbali na Kigoma, kwenye maji ya kina cha mita kama ishirini. Lakini kabla ya kuizamisha, Rüter na wenzake walipaka injini grisi nzito kila mahali. Ni kazi ya watu waliokuwa na hakika kwamba watarudi kuichukua mali yao.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua 1918, wakaikokota hadi Kigoma, na 1920 dhoruba ikaizamisha tena hapo hapo bandarini. Waingereza wakaiibua tarehe 16 Machi 1924 na kukuta grisi imefanya kazi yake. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa hili ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji upande wa kusini 1867. Mnayajua yaliyofuata, maana ni maisha yetu: magunia ya dagaa Kirando, maharusi waliopandia Kipili, wanafunzi waliolala juu ya mizigo hadi Kasanga. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Congo. Mei 2015, Warundi kwa maelfu walipokwama ufukweni Kagunga ambako barabara haikuwepo, Liemba ilikwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma. Meli ya vita imewaokoa wakimbizi wa vita wengi kuliko askari iliowahi kubeba, na hilo nalisema kwa makadirio yangu tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika vitabu vya habari hizi majina yapo. Rüter yupo, Tellmann na Wendt wapo, Spicer-Simson yupo na sketi yake, hata filamu ilitengenezwa Marekani na Uingereza, The African Queen ya 1951, kutokana na riwaya iliyoazima kisa cha ziwa letu. Wa kwetu wapo pia, ila wameandikwa kwa neno moja: vibarua. Nani alipiga ribiti za meli ile ufukweni Kigoma, akiziba masikio kwa pamba? Nani aliingia tumboni mwa meli 1924 kuzoa matope? Watu hawa walilipwa ujira, na palipo na ujira pana orodha ya malipo, pana alama ya kidole gumba. Wengine walijenga nyumba Mwanga na Gungu, wakazaa, na wajukuu zao wamo katika ukumbi wa hafla yetu kila mwaka wakila pilau bila kujua.

Mwanachama mmoja aliniambia, "Ndugu mhasibu, hayo yamepita, waliokufa wamekufa." Nilimjibu kwa mfano wa jirani. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na ndiyo sababu mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa namna zaidi ya moja, na makaburini Igoma wapo waliozikwa bila majina. Ni miaka thelathini hivi tu iliyopita, enzi za kompyuta na redio. Orodha isipoandikwa wakati watu wapo, hakuna mkaguzi atakayeitengeneza baadaye. Na sisi tuna boti za mbao zinazozama kila msimu kati ya Kibirizi na vijiji vya kaskazini, na kusini hadi Kalya. Hizo nazo ni vyombo vilivyolala ziwani. Ukiniuliza, mtumbwi wa baba yako una haki ya mstari katika daftari sawa na Hedwig.

Ziwa lenyewe limetusaidia kutunza. Maji yake hayana chumvi inayokula chuma haraka, wala wale wadudu wa baharini watoboao mbao za majahazi. Kina chake hufika mita 1,470, na chini ya mita mia mbili hivi hakuna hewa ya kuozesha vitu upesi. Anayeharibu ni binadamu. Wanunuzi wa chuma chakavu wamefika kila kijiji chenye barabara. Pia kuna ugonjwa wetu wa "mali ya Mjerumani". Ugonjwa huu una mzizi wa kweli, kwa maana sarafu za dhahabu za rupia 15 zilipigwa Tabora 1916 wakati wa vita. Lakini kutokana na kweli hiyo ndogo watu wamechimba mashimo makubwa na kuvunja vitu vya kale wakitafuta masanduku yasiyokuwepo. Naomba ieleweke mapema: fungu hili halitafuti dhahabu, na hakuna atakayezamia kwa fedha zenu.

Sheria pia inatuacha pembeni kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na majengo ya kabla ya 1886. Meli za vita ya 1914 zimezaliwa baadaye, kwa hiyo hazilindwi mpaka Waziri azitangaze. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji unahesabu tofauti: kilichokaa majini miaka 100 kinatosha, na unashauri kwanza kiachwe kilipo. Kwa kipimo hicho Hedwig imeshafuzu tangu 2016. Lakini huwezi kumwomba Waziri atangaze kitu usichoweza kumwonyesha kilipo. Lazima kuwe na karatasi.

Na karatasi hiyo, kwa sehemu kubwa, iko kichwani mwa wavuvi wetu wazee. Mvuvi wa kipe anajua mahali nyavu zinaponasa. Hasemi "magharibi kiasi fulani". Anakwambia: ukiona mwembe ule umekaa juu ya paa la msikiti, na kilima cha upande huu kimeifunika ile rasi, hapo usitupe wavu. Mistari miwili inayokutana kutoka nchi kavu ni nukta kwenye ramani, sahihi kabisa, bila kifaa chochote. Mara nyingine kinachonasa ni jiwe. Mara nyingine si jiwe. Vijana wa sasa wanatumia simu, hawahitaji mwembe. Na miembe yenyewe inakatwa. Mzee mmoja wa Kibirizi alinitajia alama kumi na moja katika kikao kimoja cha kahawa, kila moja na jina lake na kisa chake, kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kamati imepanga kazi ifuate kalenda ya ziwa. Serikali ilipofunga uvuvi kupumzisha ziwa mwaka 2024, ilikuwa Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi hiyo ndiyo ya kusi kali, si ya kutoka na mtumbwi kutafuta alama, lakini ni miezi wavuvi wanakaa nyumbani na mazungumzo yanapatikana. Wazee wataandikwa wakati huo, na kwa ruhusa yao watarekodiwa sauti, kwa Kiha, Kibembe au Kiswahili, kama wapendavyo. Kusi likitulia, nukta zitapimwa kwa kifaa kidogo cha setilaiti na kuandikwa, si kutangazwa, ili tusiwachoree ramani wanunuzi wa chuma. Upande wa Dar es Salaam, tutalipia kutafuta na kunakili katika Nyaraka za Taifa kumbukumbu za Kijerumani na za Kiingereza zinazohusu bandari ya Kigoma, tukianza na malipo ya vibarua. Nakala moja ya kila kitu itakaa katika maktaba ya shule tunayoijengea paa mwaka huu, mahali mtoto wa Kigoma ataweza kuifungua bila kuomba ruhusa ya mtu. Gharama yote ni chini ya tulicholipa kwa maturubai na muziki katika hafla ya mwaka jana, na stakabadhi zitaonyeshwa katika mkutano mkuu kama za mafungu mengine.

Wanaotaka kuchangia fungu hili pekee waandike hivyo kwenye kadi ya ahadi, la sivyo fedha zitaingia kwenye madawati. Wasio na fedha wana kitu kingine. Siku ya hafla patakuwa na meza karibu na mlango, na juu yake daftari lenye safu nne: jina la chombo, nani alifanya kazi ndani yake au alipotea nacho, aliyekusimulia, na anapatikana wapi kama yu hai. Safu usiyoijua iache wazi. Picha za zamani za bandarini, za kwenye chelezo au za juu ya Liemba njooni nazo. Zitapigwa nakala pale pale mezani na kurudishwa mkononi mwako usiku huo huo.